Katriji mpya, barakoa imebana, bado fundi rangi anasikia thina. Inapitia wapi?

#1 Kinyunyizi
Wakuu, salaam. Swali la karakana ya rangi za magari.

Fundi anapuliza klia (koti la juu lisilo na rangi) ya kuchanganya na hadina (kigumishi). Chumba kina feni ya kunyonya na mlango unafungwa. Amevaa barakoa ya nusu uso yenye katriji mbili (vichujio vya mkaa vya kunasa mvuke) za mstari wa kahawia, na juu yake kuna kichujio cha vumbi. Katriji zinafunguliwa Jumatatu. Jumatatu hakuna harufu, Jumanne hakuna. Jumatano, dakika 20 baada ya kuvaa, thina inaanza kunukia ndani ya barakoa, na jioni kichwa kinauma. Zikiwekwa nyingine mpya mambo ni yale yale: siku mbili njema, ya tatu mbaya. Kupuliza kwenyewe hakuzidi saa mbili kwa siku, kwa hiyo katriji zinakufa kabla ya kutimiza saa tano za kazi.

Ndevu hana, mikanda imebana. Tatizo ni katriji, barakoa au chumba?

#2 MkaoKwanza
Kubana si kukaa. Mikanda ikivutwa kupita kiasi inaukunja mpira kando ya pua na kufungua njia palepale.

Jaribio la kila anapovaa: azibe katriji zote mbili kwa viganja, avute pumzi taratibu, ashikilie sekunde 10. Barakoa inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni na ibaki hivyo. Ikirudi, hewa inaingia. Kisha azibe valvu ya kutolea pumzi na apulize polepole: barakoa ivimbe kidogo bila upepo wowote kusikika machoni au mashavuni.

Angalizo: kichujio cha juu kikiwa kipana, kiganja hakikizibi. Watu huishia kuikandamiza barakoa usoni, na jaribio linaonekana limefaulu wakati limefeli. Avike kila katriji glavu nyembamba, ndipo avute pumzi.

#3 StooYaKinga
Mkuu MkaoKwanza, mkao mbaya ungenuka tangu Jumatatu. Hii ya siku mbili njema na ya tatu mbaya ni habari nyingine. Kinyunyizi, usiku barakoa inalala wapi?

#4 Kinyunyizi
Inatundikwa kwenye msumari, chumba cha kuchanganyia rangi, karibu na mlango.

#5 StooYaKinga
Basi saa zako tano si tano. Mkaa ulio ndani ya katriji haujui kama kuna mtu anavuta pumzi. Ukiwa wazi kwenye chumba chenye makopo ya thina, unanyonya mvuke usiku kucha, na unyevu wa hewa juu yake. Fundi akirudi asubuhi anavaa katriji iliyofanya zamu mbili.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mvuke ulionaswa upande wa nje wa mkaa hautulii pale uliponaswa. Katriji ikikaa bila kutumika unasambaa taratibu kuelekea upande wa ndani. Ndiyo maana katriji iliyoachwa jana bila harufu inaweza kunuka leo dakika za kwanza tu za kuvaa.

Utunzaji: futa barakoa, iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kufungwa au chombo chenye mfuniko, nje kabisa ya chumba cha kuchanganyia. Isikunjwe wala isiwekewe kitu juu, mpira utapinda. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na saa ya kufungua kwenye kila katriji. Kila matumizi yaandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

#6 Mwanakemia
Nakubali stoo ni mbaya, ila kuna kitu kinachoeleza zaidi. Kinyunyizi, fungua karatasi ya taarifa za usalama ya hiyo thina. Sehemu ya 3 ina viambato, sehemu ya 9 ina kiwango cha kuchemka. Kuna asetoni?

#7 Kinyunyizi
Ipo. Asetoni, tolueni, zaileni na kingine cha jina refu.

#8 Mwanakemia
Hapo ndipo penye shida. Katriji ya kahawia ya aina A, kwa viwango vya Ulaya, imetengenezwa kwa mivuke ya vimiminika vinavyochemka juu ya nyuzi 65 za Selsiasi. Tolueni huchemka 111, zaileni karibu 140, hizo mkaa unazishika vizuri. Asetoni huchemka 56. Inashikwa kilegevu, na tolueni au zaileni ikija nyuma yake inaisukuma itoke. Kwa hiyo asetoni ndiyo inayofika puani kwanza, hata kama mkaa bado una nafasi kubwa kwa hizo nyingine.

Kwa vinavyochemka 65 au chini ya hapo kuna aina ya AX. Nayo ina masharti: zamu moja, kisha inatupwa. Haihifadhiwi kwa kesho hata kama ilitumika nusu saa, kwa sababu ile ile aliyoitaja StooYaKinga, kusambaa usiku.

#9 RangiMoja
Kwa hiyo anunue AX, abadilishe kila zamu, uzi ufungwe.

#10 MsomaLebo
Haufungwi. Kinyunyizi kasema "mstari wa kahawia" tu. Angalia maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa katriji, si rangi peke yake. Rangi za Ulaya na za Marekani hazilingani, na dukani huchanganywa rafu moja.

Ulaya, namba EN 14387: kahawia ni mivuke ya kikaboni, kijivu gesi zisizo za kikaboni kama klorini, njano dayoksidi ya salfa na gesi za asidi, kijani amonia, nyeupe vumbi na ukungu. Marekani, alama ya NIOSH (taasisi yao ya afya na usalama kazini): mivuke ya kikaboni ni nyeusi, nyeupe ni gesi za asidi, njano ni mivuke ya kikaboni pamoja na gesi za asidi, zambarau ni kichujio cha vumbi cha daraja la juu. Kijani tu ndiyo inayokubaliana.

Ona hatari iliyopo hapo. Mtu aliyezoea mfumo wa Marekani anachukua ya njano kwa ajili ya thina. Akipewa njano ya Ulaya amevaa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa mvuke wa thina. Na aliyezoea "nyeupe ni ya vumbi" akichukua nyeupe ya Marekani, ukungu wa rangi unapita.

#11 NesiWaZamu
Habari zenu. Mabandiko kumi yote ni ya harufu. Naomba tuongelee hadina, kwa sababu yenyewe hainuki.

Hadina ya klia hizi ina isosayaneti, kemikali inayoifanya klia iwe ngumu, mara nyingi ya familia ya HDI. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani (ACGIH) kwa HDI ni 0.005 ppm (sehemu kwa milioni), yaani sehemu tano kwa bilioni. Pua ya binadamu haiwezi kuinusa kwa kiasi hicho. Fundi akisema "leo sikusikia kitu" anazungumzia thina. Kuhusu hadina hajasema lolote.

Kwenye sehemu ya 2 ya karatasi ya usalama tafuta H334. Maana yake: ikivutwa inaweza kuleta mzio au pumu. Ni mzio wa kweli. Mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo mno kinatosha kuuamsha, na kuvaa barakoa bora baada ya hapo hakurudishi mambo yalivyokuwa. Wengi hulazimika kuacha kupuliza kabisa.

Dalili za kuuliza, na ziulizwe hivi hivi: kifua kinabana au kukohoa jioni na usiku, si lazima wakati wa kupuliza? Kinaachia siku za mapumziko na likizo? Kinarudi kazi ikianza? Macho kuwasha, mafua yasiyoisha? Majibu yakiwa ndiyo, aende kupimwa nguvu ya pumzi na asipulize mpaka daktari aseme. Kuna pia kipimo cha mkojo kinachoonyesha kama isosayaneti imeingia mwilini. Sampuli inachukuliwa mara tu baada ya kazi kwisha, maana hutoka mwilini haraka; ya kesho yake asubuhi itadanganya.

#12 RangiMoja
Asante dada. Sasa kama haionekani kwa pua, katriji itajulikanaje imeisha?

#13 NesiWaZamu
Haijulikani kwa pua. Ndiyo maana kwa klia yenye hadina anahitaji hewa ya kuletwa kwa mpira kutoka nje, si katriji.

#14 MsomaLebo
Dada Nesi, hapo wataalamu hawako pamoja, tusiwape watu upande mmoja. Uingereza mamlaka ya usalama kazini, HSE, inataka hewa ya kuletwa kwa kupuliza rangi za isosayaneti. Marekani kanuni ya OSHA (mamlaka yao ya usalama kazini) namba 1910.134, ilivyoandikwa upya mwaka 1998, inaruhusu katriji hata kwa gesi isiyojionyesha kwa harufu, mradi mwajiri awe na ratiba ya kubadilisha iliyotokana na hesabu au data, na kipimo cha hewa kionyeshe kiwango kiko ndani ya uwezo wa barakoa.

Uwezo huo kwa Marekani: nusu uso ni 10, uso mzima 50. Nusu uso iliyokaa vizuri inahesabiwa kuacha ndani sehemu moja ya kumi ya kilicho nje. Kama nje ni mara 30 ya kikomo, ndani bado ni mara tatu.

#15 NesiWaZamu
Ndugu MsomaLebo, hiyo mara 30 nani kaipima kwenye karakana? Bila kipimo, ratiba ni ya kukisia. Nabaki na hewa ya kuletwa.

#16 Mwanakemia
Nitie la kati. Kwa kuwa swali la ratiba limeulizwa, hizi ni kanuni za makadirio ambazo OSHA wenyewe wamezitoa: kimiminika kinachochemka juu ya nyuzi 70, mvuke ukiwa chini ya 200 ppm, tarajia katriji ya mivuke ya kikaboni kudumu saa 8 kwa kazi ya kawaida. Anayehema mara mbili zaidi, muda unagawanywa kwa mbili. Mvuke ukipungua mara kumi, muda unaongezeka mara tano. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, kata nusu.

Asetoni haimo humo kwa sababu ya 56 yake. Na kanuni hizi zinahusu mvuke. Hadina ikipulizwa ni ukungu wa matone pia, kwa hiyo kichujio cha vumbi cha juu si pambo. Kikilowa rangi kinabadilishwa hata katikati ya kazi.

#17 KompresaSafi
Kabla hamjamvisha mtu hewa ya mpira, sikilizeni: hewa hiyo hiyo nayo inaweza kuua.

Kompresa ya mafuta ikipata joto kupita kiasi, mafuta yanaungua ndani na kutoa kaboni monoksidi. Mkaa hauizuii. Katriji ya kahawia haiizuii. Inazuiwa na kichujio chenye kichocheo maalumu kinachoigeuza kuwa dayoksidi ya kaboni, na kichocheo hicho kinakufa kikipata unyevu, kwa hiyo kabla yake lazima pawe na kikaushio.

Hewa ya kupumua daraja D la Marekani: oksijeni asilimia 19.5 hadi 23.5, kaboni monoksidi isizidi 10 ppm, dayoksidi ya kaboni isizidi 1,000 ppm, ukungu wa mafuta isizidi miligramu 5 kwa mita ya ujazo, na isiwe na harufu ya kuonekana.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa: mdomo wa kuvutia hewa wa kompresa umewekwa pembeni ya bomba la moshi la jenereta au pale magari yanapowashwa. Kengele ya kaboni monoksidi haipo, au ipo betri imekufa. Mpira wa kupumulia na mpira wa bunduki ya rangi vimegawana mstari mmoja mwembamba, kwa hiyo kila fundi anapobana kifyatulio, hewa ya usoni inashuka. Na viungio vya mpira wa kupumulia vinafanana na vya gesi nyingine, siku moja mtu anachomeka pasipo pake. Viungio vya hewa ya kupumua viwe vya umbo lisiloingia kwingine kokote.

#18 RangiMoja
KompresaSafi, umenitisha, nimekwenda kuangalia mdomo wa kompresa.

#19 KompresaSafi
Vizuri. Uangalie na upepo unavyovuma mchana, si sasa hivi tu.

#20 FeniNaMfereji
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza chumba kinajisafisha kwa muda gani, na ndilo swali la kwanza.

Ukungu wa klia hauonekani ukishapungua. Fundi anamaliza koti, anaona chumba kiko safi, anainua barakoa apate hewa au akague kazi kwa karibu. Hapo ndipo anapovuta ukungu bila kinga yoyote. Kwa anayetumia hewa ya kuletwa pia ni hivyo: akiinua kioo cha uso, kinga ni sifuri.

Pima hivi. Zima feni, jaza chumba moshi wa mashine ya moshi kama ile ya jukwaani, mpaka ukuta wa pili usionekane. Mashine izimwe, feni iwashwe, saa ianze. Simama nje ya kioo, mwangaza wa tochi upite katikati ya chumba, maana moshi mwepesi unaonekana kwenye mwali wa taa tu. Ukipotea kabisa, hata kwenye kona na nyuma ya gari, simamisha saa. Chumba cha kupulizia kilichojengwa sawasawa huwa chini ya dakika 5. Ukumbi mkubwa uliogeuzwa chumba cha rangi unaweza kufika 20. Namba hiyo iandikwe kwa herufi kubwa mlangoni, ndani na nje, na feni isizimwe kabla haijapita. Hakuna kuinua barakoa, hakuna msaidizi kuingia.

Wakati moshi upo, tembea nje ya chumba. Ukiona unatoka kwenye maungio ya mlango, chumba kinasukuma badala ya kuvuta, na wote walioko karakana wanapumua kazi ya fundi.

Pia, vichujio vya sakafuni au ukutani vikijaa rangi, mwendo wa hewa unaanguka taratibu kiasi kwamba hakuna anayegundua. Funga kipima tofauti ya mgandamizo, weka alama ya siku vichujio vilipokuwa vipya, na alama ya kubadilisha kama mtengenezaji alivyoagiza. Kwa chumba cha hewa ya kupita ubavu kwa ubavu, lengo la kawaida ni takriban mita 0.5 kwa sekunde pale fundi anapofanyia kazi. Na asisimame kati ya gari na kinyonyeo.

#21 Tabasamu2
Niongeze: mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unashuka chini. Feni iwekwe chini kabisa, usumbufu utaisha.

#22 FeniNaMfereji
Hilo linasemwa kila mahali na ni nusu ya ukweli. Mvuke mtupu wa tolueni ni mzito kama mara 3.2 ya hewa, kweli. Lakini fundi hapumui mvuke mtupu. Kwa 200 ppm, mchanganyiko wote ni mzito kuliko hewa safi kwa sehemu nne hivi kwa elfu kumi. Tofauti ya joto ya nyuzi moja tu inabadilisha uzito wa hewa kwa sehemu 34 kwa elfu kumi, karibu mara nane ya hapo. Kwa hiyo mkondo wa hewa ndio unaoamua mvuke uende wapi, uzito hauamui.

Panapofaa kusema "unashuka" ni juu ya kopo lililo wazi, thina iliyomwagika, au shimo la kukagulia magari. Hapo mvuke ni mzito kweli, unatambaa sakafuni na kukaa shimoni, na cheche moja inatosha.

#23 Tabasamu2
Nimeelewa, asante. Na feni ya meza ya kuchanganyia?

#24 FeniNaMfereji
Isipulize, inyonye. Na mdomo wake uwe karibu sana. Kwenye umbali unaolingana na kipenyo cha mfereji, mwendo wa hewa umebaki takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa mdomoni. Mfereji wa sentimita 15 ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye kopo tayari ni dhaifu. Ukiwa nusu mita unanyonya hewa ya chumba tu. Weka kizimba cha pande tatu kuzunguka kopo na ufunike lisilotumika. Kufunika kopo ni bure na kunazidi feni nyingi.

#25 GlavuMbili
Mkiacha mapafu kidogo, kuna mikono. Kichwa kinachouma jioni kinaweza kuwa kinatoka kwenye kuosha bunduki, si kupuliza. Kinyunyizi, anaosha bunduki na nini, na amevaa nini?

#26 Kinyunyizi
Thina hiyo hiyo kwenye ndoo. Glavu nyembamba za bluu. Barakoa ameshavua, maana "kupuliza kumekwisha". Na mikono ananawa na thina.

#27 GlavuMbili
Hapo hapo.

Glavu nyembamba za bluu ni za nitraili. Kwa mafuta na kwa ukungu wa rangi zinafaa, zikitupwa mara zikirukiwa. Kwa asetoni zinapitisha ndani ya dakika chache, na hazionyeshi tundu wala kubadilika rangi mwanzoni. Tundu halihitajiki: kemikali inayeyuka ndani ya plastiki na kutokea upande wa pili. Glavu za mpira wa butili zinaizuia asetoni vizuri lakini ni dhaifu kwa tolueni na zaileni. Kwa kuwa thina ni mchanganyiko, glavu ya ndani iwe ya tabaka nyingi za plastiki, ile inayonyooka vibaya vidoleni, na juu yake nitraili ili mkono ushike vizuri. Sehemu ya 8 ya karatasi ya usalama inatakiwa kutaja aina, unene na muda wa kupenya. Ikiandika "vaa glavu zinazofaa" basi, mdai muuzaji aandike kamili.

Anayedhani naongeza chumvi akumbuke Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth, Marekani. Agosti 1996 matone machache ya dimethili zebaki yalidondoka kwenye glavu yake ya mpira. Alifariki Juni 1997. Majaribio ya baadaye yalionyesha kemikali ile inapita kwenye glavu ya aina ile ndani ya sekunde. Thina si dimethili zebaki, lakini kosa la kudhani glavu ni glavu ni moja.

Kunawa na thina kunatoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, kesho kila kitu kinaingia kwa urahisi, hadina ikiwamo. Sabuni ya kutoa rangi isiyo na thina, maji, kisha krimu ya ngozi. Bunduki ioshwe kwenye mashine iliyofungwa yenye kinyonyeo, au walau ndani ya chumba feni ikiwa imewashwa na barakoa usoni.

#28 MsasaNaMaji
Na msaidizi anayepiga msasa klia iliyokauka juu juu? Klia ambayo haijakomaa bado ina isosayaneti isiyomaliza kuungana, na vumbi lake linaingia kifuani. Msasa uwe wa mashine yenye mfuko wa kunyonya vumbi, au wa maji. Kupuliza vumbi kwa hewa ya kompresa kukomeshwe, tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha daraja la juu. Na overoli isiende nyumbani.

#29 RangiMoja
Vipi kubadilisha rangi yenyewe iwe ya maji? Tutaongea barakoa mpaka lini?

#30 Mwanakemia
Swali zuri, na ndilo lilipaswa kutangulia yote. Rangi ya tabaka la chini, ikiwa ya kuchanganywa na maji, inapunguza thina sana. Ila klia ya juu kwa kawaida bado inachanganywa na hadina, kwa hiyo hatari ya Nesi inabaki. Mtu asitupe barakoa kwa sababu kopo limeandikwa "ya maji".

Kinachopunguza ukungu moja kwa moja ni bunduki ya ujazo mkubwa na mgandamizo mdogo, isiyozidi 0.7 ba kwenye kofia ya hewa. Rangi nyingi inakaa kwenye gari badala ya kurudi usoni. Fundi akiongeza mgandamizo ili amalize haraka, faida yote imepotea.

#31 VifaaNdogo
Samahani nimechelewa. Barakoa yenyewe imefunguliwa ikaangaliwa? Katikati, upande wa mbele, kuna kifuniko cha plastiki. Kikibanduliwa unaona diski ya mpira laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, imeshikwa katikati na kijiti. Hiyo ndiyo valvu ya kutolea pumzi. Inatakiwa ilale bapa pande zote. Chembe moja ya klia iliyokauka kwenye ukingo, au unywele mmoja, inaiinua upande mmoja na kila pumzi ya kuvuta inaingiza hewa chafu bila kupita katriji. Ukiifuta na thina ndio umeimaliza: mpira unavimba, ukikauka unajikunja. Sabuni na maji ya uvuguvugu, ikauke kivulini.

Angalia pia valvu mbili ndogo za kuingizia, nyuma ya kila katriji. Zikikosekana, pumzi yenye unyevu inarudi kwenye mkaa na kuulowesha. Hiyo nayo inaweza kueleza siku mbili njema na ya tatu mbaya.

#32 Kinyunyizi
Nimefungua. Valvu ya kutolea ina ukingo mmoja uliojikunja kama jani kavu, upande wa kushoto. Valvu ya kuingizia ya kulia haipo kabisa. Katriji ni EN 14387, A1, si AX.

#33 MkaoKwanza
Ni valvu, basi. Hewa inapita bila kuchujwa.

#34 StooYaKinga
Valvu iliyojikunja ingenuka tangu Jumatatu, kwa hoja ile ile niliyokupa mkuu. Labda ukingo unakaa sawa mpira ukiwa baridi. Kwangu msumari wa chumba cha kuchanganyia bado ndio wa kwanza.

#35 Mwanakemia
A1 kwa asetoni ingeleta hali hii hata kama valvu zote ni mpya na stoo ni safi.

#36 NesiWaZamu
Vyovyote iwavyo, aache kupuliza klia kwa barakoa hiyo leo, na yale maswali ya kifua aulizwe leo.

#37 Kinyunyizi
Nimemsimamisha. Kifua anasema hakibani. Nikitaka kujua ni ipi kati ya hizo, naanzia wapi?

#38 VifaaNdogo
Badilisha kimoja kimoja, na asipulize hadina kwa ajili ya jaribio. Valvu mpya zote tatu kwanza, katriji mpya, kisha jaribio la mkao kwa mafuta ya harufu ya ndizi, isoamili asetati. Akiwa amevaa, akae kwenye kizimba kidogo, apumue kawaida, apumue kwa nguvu, ageuze kichwa kushoto na kulia, ainue na kuinamisha, aongee kwa sauti, ainame kugusa vidole vya miguu, dakika moja kila tendo. Akisikia ndizi, barakoa haimfai au haijakaa. Asiposikia, mkao na valvu viko sawa. Zigeukie katriji: jozi moja ilale kwenye mfuko uliofungwa, nyingine msumarini, uone ipi inanuka Jumatano.

#39 MsomaLebo
Kwanza anuse mafuta yale bila barakoa, kwa kiasi hafifu, ili ujue pua yake inayasikia. Na jaribio lisifanyike chumba cha kuchanganyia wala mara baada ya kazi. Pua iliyokaa na thina tangu asubuhi haitasikia ndizi, na utaandika "amefaulu".